Saloni na korido kabla ya mahari ya mdogo wangu: rangi gani, na ing'ae au isingʼae? (Goma)

#1 Mama_Katindo

Jambo kwenu wote, wakubwa kwa wadogo. Familia ya mchumba wa mdogo wangu inakuja kutoa mahari baada ya wiki sita, na wanakuja hapa hapa, kwenye nyumba ya wazazi, Katindo. Mama amesema neno moja tu: "Wasitukute hivi." Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo kazi imeniangukia.

Nawaeleza nyumba ilivyo. Kuta ni za bloke za simenti. Papa alizijenga mwaka 2003, mwaka mmoja baada ya volkano kutuunguzia nyumba ya mbao tuliyokuwa nayo upande wa Birere. Saloni ni mita 5 kwa 4, kimo mita 2.70, madirisha yote mawili yanatazama magharibi. Korido ni ndefu na haina dirisha hata moja. Chumba cha watoto kiko mashariki. Jikoni tunapika kwa makala, ukuta wa nyuma ya mbabula (jiko la makaa) umekuwa mweusi tii.

Chini ya kuta zote Papa alipaka mkanda wa rangi ya mafuta, kahawia, kimo cha sentimita 90 hivi. Juu ya mkanda palikuwa chokaa. Baadaye kaka yangu akapaka lateksi (rangi ya maji) nyeupe juu ya ile chokaa, na sasa inabanduka vipande vipande kama ganda la yai. Tena kwenye kona moja ya saloni kuna unga mweupe unaotoka ukutani wenyewe, ukiugusa ni kama chumvi.

Sasa maneno ni mengi nyumbani. Fundi aliyekuja kutazama anasema nyeupe kila mahali, kazi iishe. Watoto wananionyesha kwenye simu saloni za kijivu. Bibi harusi mwenyewe anataka kijani. Mama hataki mkanda wa Papa uguswe. Mimi moyo wangu uko kwenye njano, ile ya ndizi iliyoiva, si ya limau. Nisaidieni kabla sijatoa pesa.

#2 Fundi_wa_Ndosho

Mama Katindo, jambo. Miaka zaidi ya 20 kazi yangu ni brashi na rulo hapa mjini, naomba unisikilize. Weka kando kwanza njano, kijivu na kijani. Ukuta wako unaumwa, na rangi haiponyi ukuta. Ukipaka leo, siku ya mahari itakuwa nzuri, na baada ya miezi mitatu utanikumbuka.

Fanya majaribio matatu, hayana gharama.

La kwanza, paka kiganja maji kidogo, sugua ukuta juu ya mkanda pale lateksi ilipobanduka. Kiganja kikitoka cheupe, chokaa ya zamani bado inalegea. Lateksi haishiki chokaa inayolegea. Inashika unga, na unga haushiki ukuta. Ndiyo maana inabanduka na vumbi jeupe mgongoni.

La pili, bandika skochi (utepe wa kunata) pale panapoonekana pazima, ikandamize vizuri, kisha uinyakue kwa nguvu. Tazama kilichokuja nayo.

La tatu ni la ile kona. Chukua plastiki safi, kipande cha sentimita 40 kila upande, kibandike ukutani kwa skochi pande zote nne, hewa isipite. Kiache mpaka kesho saa ile ile. Ukikuta matone ndani, upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta unyevu juu ya plastiki, upande wa chumba, ni hewa ya nyumba. Usichanganye hayo mawili, dawa zake si moja.

Tuletee majibu. Halafu toka nje, tazama kuna nini nyuma ya ile kona.

#3 Binti_wa_Nguba

Niko Bukavu, na huku kwetu unyevu ni mkate wa kila siku, nyumba zimejengwa ubavuni mwa mlima na maji ya juu yanapita chini ya watu. Nakuunga mkono fundi juu ya ukuta. Lakini juu ya rangi yenyewe, mimi nasema satine, ile inayong'aa kidogo, nyumba nzima. Mati, ile isiyong'aa, inachafuka, ukifuta kwa kitambaa inabaki na baka. Nina watoto wanne, najua ninachosema.

#4 Fundi_wa_Ndosho

Yaya (mkubwa wangu) wa Bukavu, kwa watoto una haki. Kwa saloni ya Mama Katindo sikubali, na sababu ni madirisha yake.

Madirisha ya magharibi, saa kumi na moja jioni, yanaingiza jua lililolala. Mwanga unapita ukutani kwa ubavu. Ukuta wa bloke uliosawazishwa kwa mkono una mawimbi, hata kama fundi alikuwa hodari. Mati inanyonya ule mwanga na mawimbi hayaonekani. Satine inaurudisha, na kila mahali mwiko ulipopita utapaona. Ya kung'aa kabisa ndiyo mbaya zaidi, utahesabu mpaka viungo vya bloke. Na wageni wa mahari wanakuja mchana, wanakaa mpaka jioni.

Kadiri rangi inavyong'aa ndivyo inavyofutika kirahisi na ndivyo inavyosema ukweli wa ukuta. Basi kila mahali uulize: hapa naogopa mikono, au naogopa mawimbi? Saloni juu ya mkanda, mikono haifiki sana: mati. Korido, watoto wanapita na viganja ukutani: satine. Chumba cha watoto: satine. Jikoni, mkanda, milango na fremu: rangi ya mafuta. Plafo (dari): mati, siku zote, kwa sababu plafo ndiyo yenye mawimbi kuliko vyote.

Kama una mastiki (ya kuziba mashimo) na mtu wa kusawazisha vizuri kwa msasa, unaweza kupaka satine hata saloni. Lakini hiyo ni kazi ya siku nyingi na pesa nyingine.

#5 Binti_wa_Nguba

Hapo umenijibu. Saloni yangu inatazama mashariki, jioni ina kivuli, ndiyo maana sijawahi kuyaona hayo mawimbi. Nabaki na satine yangu, lakini naelewa.

#6 Mpiga_Picha_Himbi

Naongeza jambo moja ambalo linawapoteza watu wengi hapa. Mtu anasoma kwamba chumba kinachotazama kaskazini ni baridi, kipakwe rangi za moto, na kinachotazama kusini kina jua, kipakwe rangi za baridi. Hayo ni kweli Ulaya. Kule jua linakaa upande wa kusini mwaka mzima.

Goma iko chini ya nyuzi 2 kusini ya ikweta. Jua letu linapita karibu utosini. Mwezi wa tatu na wa tisa linasimama juu ya kichwa kabisa. Mwezi wa sita linainama kidogo kaskazini, wa kumi na mbili linainama kidogo kusini. Kwa hiyo kwetu kaskazini na kusini si habari kubwa. Habari kubwa ni mashariki na magharibi: chumba hiki kinapata asubuhi, au kinapata jioni?

Mwanga wa asubuhi hapa mara nyingi unapita kwenye ukungu wa ziwa, ni mweupe na mpole. Wa jioni, mawingu yakifunguka upande wa Sake, una dhahabu. Saloni ya magharibi yenye njano kali, saa kumi na moja itawaka kama moto wa mbabula. Njano unaweza kuiweka, lakini iwe imezimwa kwa kahawia kidogo, iende upande wa oka, njano ya udongo. Chumba cha watoto cha mashariki ndicho kinaweza kubeba kijani cha bibi harusi, kijani chepesi cha jani changa la muhogo.

Na taa! Umesema habari za madirisha, hukusema habari za balbu. Balbu nyingi tunazonunua ni LED za mwanga wa bluu, zimeandikwa 6500K. Chini yake njano nyepesi inageuka kijani cha ugonjwa, na sura za watu zinafifia. Balbu za 3000K zina mwanga wa moto wa jioni. Kabla ya kuchagua rangi ya saloni, amua balbu. Nimewahi kupiga picha za mahari katika nyumba iliyopakwa upya siku tatu kabla, krimu nzuri sana mchana. Umeme ulipowashwa, ukuta ukawa rangi ya maziwa yaliyoganda. Mama mwenye nyumba alisimama katikati ya saloni, anatazama, hasemi kitu.

#7 Mama_Katindo

Papa Mpiga Picha, zangu zote ni hizo za bluu. Nimeenda kusoma kwenye balbu, 6500K. Aksanti sana.

Majibu ya fundi: kiganja kimetoka cheupe kama nimepondaponda chaki. Skochi imekuja na kipande kikubwa kama kitambulisho. Plastiki, matone ndani, upande wa ukuta. Na nje ya kona, mfereji wa paa umepinda, mvua ikinyesha maji yote ya paa yanamwagika ukutani badala ya kuingia kwenye tangi. Tulikuwa tunalalamika tangi halijai. Kumbe maji yalikuwa yanaingia saloni.

#8 Fundi_wa_Ndosho

Hapo sasa tuko pamoja.

Mfereji kwanza, kesho ikiwezekana. Ule unga mweupe ni chumvi za ndani ya simenti. Maji yanazibeba, yanakauka, yanaziacha juu. Uzisugue kwa brashi kavu na uzikusanye uzitupe. Usizioshe, maji yatazirudisha ndani. Kisha gonga plasta ya ile kona, yote iliyooza, na isawazishwe upya.

Sikiliza sana hapa. Plasta mpya ya simenti inangoja siku 28 kabla ya rangi ya mafuta. Mwaka 2011 nilipaka mafuta kwenye korido ya mtu, plasta ilikuwa na siku 10, mwenye nyumba alikuwa na haraka na mimi nilitaka pesa. Baada ya wiki mbili ukuta ukawa unanata. Unagusa, kidole kinabaki. Simenti mbichi ina alkali kali, na alkali yenye maji ikikutana na mafuta inayageuza kuwa sabuni, jinsi ile ile akina mama wanavyopika sabuni. Nilikwangua korido nzima kwa gharama yangu, siku sita. Tangu hapo hakuna haraka ya mtu inayonitoa kwenye siku 28.

Una siku 42. Ukisawazisha kona ndani ya siku tano, siku ya 33 iko tayari. Nyumba iliyobaki haingoji kona, unaendelea nayo.

Juu ya mkanda: kwangua lateksi yote inayolegea, sugua chokaa kwa brashi ngumu mpaka kiganja kitoke karibu safi, paka fiksateri (ya kushikisha ukuta kabla ya rangi), iache ikauke usiku mzima. Ndipo lateksi, kushe mbili, yaani mipako miwili. Ukutani nyuma ya mbabula, osha masizi kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, kausha, na kushe ya kwanza iwe ya mafuta. Masizi yanapenya lateksi, hata ukipaka kushe tano yatakuja njano juu. Vivyo hivyo yale maduara ya kahawia kwenye plafo, kama unayo, pale misumari ya mabati ilipoliwa na kutu. Mvua yetu ikichanganyika na moshi wa volkano ina asidi, inakula bati.

#9 Muuguzi_Majengo

Samahani kuingilia. Mama Katindo, ule mkanda wa mafuta wa mwaka 2003 unataka kuufanyaje? Tafadhali usiusugue kwa msasa mkavu, na watoto wasiwepo.

Rangi nyingi za mafuta, hasa za zamani, na hasa njano, nyekundu na rangi za machungwa, zilitiwa madini ya risasi, plombu, ili zikauke haraka na zisififie. Si habari mpya: mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitunga mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya nyumba, kwa ajili ya mafundi waliokuwa wanaugua. Marekani waliikataza katika rangi za nyumba mwaka 1978. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ziweke ni sehemu 90 kwa milioni, si zaidi. Lakini kuna nchi nyingi ambako rangi yenye risasi nyingi bado inauzwa, kwa hiyo kopo lisiloandikwa kitu usiliamini.

Rangi ikikaa salama ukutani haina shida kubwa. Hatari ni vumbi. Mtoto anatambaa, anaweka kidole mdomoni, na risasi inaingia kwenye ubongo unaokua. Hakuna kipimo kidogo ambacho kimeonekana hakina madhara. Mwenye mimba pia akae mbali.

Kama mkanda umeshika vizuri, uoshe kwa sabuni, usugue kwa msasa wenye maji, ukiulowesha kila mara, futa kwa kitambaa kibichi, tupa kitambaa. Tandika plastiki chini. Usifagie vumbi kavu.

#10 Fundi_wa_Ndosho

Muuguzi, asante. Mimi miaka mingi nilisugua kavu, mdomo wazi. Hakuna aliyetuambia. Nitawaambia na vijana wangu.

#11 Mpangaji_wa_Mabanga

Mimi nimepanga nyumba ya mbao, ndani imewekwa tripleksi (mbao za plaiwudi). Mwenye nyumba anaruhusu nipake. Nifanye nini? Mbao za nje zimepakwa mafuta ya vidanji (oili chafu ya injini).

#12 Fundi_wa_Ndosho

Za nje ziache, rangi haishiki juu ya vidanji. Ndani, tripleksi inanyonya: kushe ya kwanza ya mafuta iliyotiwa dilia (ya kuzimua rangi) kidogo, kisha lateksi mati, rangi nyepesi. Vichwa vya misumari viguse kwa rangi ya mafuta kwanza, kutu itatokea.

#13 Mukwabo_wa_Kamalondo

Jambo toka Lubumbashi. Nimesoma uzi wote kwa sababu ya ule mkanda. Kwetu huku kila nyumba ina mkanda chini, na watu wanadhani ni mtindo wa wazee tu. Ule mkanda una akili nyingi. Vumbi haliko ukutani kote, liko chini: ufagio unalirusha, maji ya kupangusa yanalirusha, viatu, migongo ya viti, magoti ya watoto. Wazee waliweka rangi inayooshwa pale uchafu unapokaa, na rangi ya bei ndogo pale usipofika.

Lakini rangi ya mkanda uchague kwa kutazama vumbi la kwenu. Lubumbashi vumbi ni jekundu. Kiangazi, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Mkanda wetu ukiwa kahawia ya matofali, unakaa wiki mbili bila kuonekana mchafu. Jirani yangu aliweka kijivu cha bluu, kila Jumamosi anaosha. Goma nilifika mara moja, vumbi lenu ni jeusi, la mawe ya volkano, na linakwaruza kama msasa. Kwenu nadhani kijivu cha makala ndicho kingefaa mkanda wa korido. Hapo ndipo kijivu cha watoto wa Mama Katindo kingepata kazi.

#14 Mama_Katindo

Yaya wa Lubumbashi, umenisuluhishia vita ya nyumbani. Watoto wamefurahi.

Swali la pesa sasa. Fundi wa kwanza aliniambia ninunue ndoo mbili za lita 20 kwa saloni peke yake. Ni kweli?

#15 Fundi_wa_Ndosho

Hapana. Hesabu hii uifanye mwenyewe na mtu yeyote asikufanyie.

Zunguka saloni: 5 na 4 na 5 na 4, mita 18. Mkanda ni 0.90, juu yake inabaki 1.80. Mara 18 ni mita za mraba 32.4. Toa sehemu za milango na madirisha, ulisema kwenye ujumbe wa pembeni milango miwili na madirisha mawili ya kawaida, hapo inabaki kama 26 au 27. Kushe mbili, 54. Kopo litakuandikia lita moja inafunika mita 10 hata 12, lakini hiyo ni kwa ukuta laini. Kwa plasta yetu weka 8. Inatoka lita 7 hivi. Ndoo moja ya 20 inakutosha saloni, na inayobaki inaingia korido kama utaipenda rangi hiyo hiyo.

Jambo lingine. Hapa wengi tunanunua lateksi nyeupe tunaitia kolora (rangi nzito ya kukolezea) ya tyubu. Ukifanya hivyo, changanya rangi yote ya chumba kizima kwa siku moja, kwenye chombo kimoja. Ukichanganya nusu leo na nusu kesho, hata uhesabu tone kwa tone, ukuta utakuwa na mshono. Na andika: tyubu ngapi, kwa lita ngapi. Mwakani mtoto akipiga mpira ukutani utanishukuru.

#16 Mpiga_Picha_Himbi

Na kabla ya kuchanganya yote, fanya kipande cha majaribio. Lakini si ukutani juu ya rangi ya zamani, maana rangi ya jirani inadanganya jicho. Chukua kipande cha tripleksi, nusu mita kila upande, kipake nyeupe, kisha rangi yako kushe mbili, uache ukingo mweupe pembeni. Lateksi ikiwa mbichi inaonekana nyepesi, ikikauka inakolea, kwa hiyo usihukumu mpaka kesho yake. Kiweke saloni asubuhi, saa sita, saa kumi na moja, na usiku taa ikiwaka. Kisha kipeleke korido.

Korido isiyo na dirisha usiipake nyeupe. Najua kila mtu anasema nyeupe inaleta mwanga. Nyeupe inarudisha mwanga, sehemu kama 85 kwa mia, lakini lazima kwanza upokee kitu cha kurudisha. Pasipo na mwanga nyeupe inakuwa kijivu cha hospitali. Weka krimu yenye moto ndani yake, paka milango ya vyumba rangi nyepesi kuliko kuta, na balbu mbili badala ya moja.

#17 Mama_Katindo

Nimekuja na majibu. Leo ni siku ya 30.

Mfereji ulitengenezwa siku ya pili, na tangi sasa linajaa. Kona ilisawazishwa siku ya nne, imebaki ya kijivu, inangoja siku zake, na nimeweka karatasi pale yenye tarehe ili mtu asiipake kwa haraka. Lateksi ya zamani tulikwangua siku nne, mimi, kaka yangu na vijana wawili. Watoto nilikuwa nimewapeleka kwa shangazi yao Kyeshero.

Tulipaka vipande vitatu vya tripleksi. Njano yangu ya ndizi, Papa Mpiga Picha, saa kumi na moja ilikuwa jinsi ulivyosema. Mama aliingia akasema, "Nani amewasha moto?" Ya pili ilikuwa krimu tupu, ikalala. Ya tatu ndiyo tuliyochukua: lita 20 za nyeupe mati, tyubu tatu za oka ya njano, na robo ya tyubu ya kahawia. Mchana ni kama sima ya muhogo iliyochanganywa na mahindi ya njano. Jioni inapata asali. Balbu nimebadilisha. Bibi harusi kijani chake kimeingia chumba cha watoto, satine, na ameridhika. Korido ni krimu satine juu na kijivu cha makala chini.

Nibaki kwenye mkanda wa saloni. Mama alikuwa amesema usiguswe. Tulipovuta kabati kubwa kutoka ukutani, nyuma yake mkanda haukuwa rangi ile tuliyoizoea. Ulikuwa mwekundu zaidi, kama buni iliyokaangwa ikiwa bado ya moto, unang'aa. Hiyo ndiyo rangi Papa aliyoichagua mwaka 2003. Sisi tulikuwa tunaishi na kahawia iliyochoka, na tulidhani ndiyo yake. Mama aliinama, akapangusa vumbi kwa kanga yake, akakaa pale muda mrefu. Kwenye rangi palikuwa na unywele mmoja wa brashi umenaswa, umelala kama alama ya kalamu.

Nilibandua kipande kidogo kilichokuwa kinajiinua karibu na sakafu, nikakiweka kwenye kisanduku cha kiberiti, nikazunguka maduka ya vifaa mpaka la tatu, yule kijana akachanganya mbele yangu, akaweka tone moja juu ya kipande kile kile, tukangoja likauke. Lilipotea. Hukuweza kujua tone liko wapi.

Mkanda umeoshwa, umesuguliwa kwa maji kama Muuguzi alivyosema, na kushe ya kwanza imepita juzi. Mama amekubali. Sharti lake ni moja, nyuma ya kabati pasipakwe. Tumepaacha.

#18 Fundi_wa_Ndosho

Mama Katindo, mafuta yapewe saa 24 kati ya kushe na kushe, na kwa mvua hizi yape hata 36. Kabati usilirudishe karibu na mkanda kabla ya wiki, litanata. Ile kona ukifika siku ya 33 uijaribu tena kwa plastiki kabla ya kupaka mkanda. Ikitoa tone hata moja, paka juu lateksi tu, chini usubiri, siku ya wageni uweke kiti pale.

#19 Mama_Katindo

Plastiki ya kona imekaa tangu jana saa nne. Nimeibandua sasa hivi: kavu, mbele na nyuma. Kaka anafungua kopo.